Bwana Afya na Mzigo wa Dereva

Tulimwita Bwana Afya ingawa alikuwa mwanamke, tena mwanamke wa kutosha, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Jina hilo lilitokana na kazi aliyoifanya serikalini miaka mingi: kukagua vyoo, vichinjio, hoteli na visima vya Kajiado. Alipostaafu alirudisha pikipiki ya ofisi na buti zake, lakini jina halikurudi. Wengine walijaribu kumwita Mama Afya. Alikataa. Alisema hilo linasikika kama jina la sabuni.

Nilimjua kwa sababu tulikuwa majirani katika ploti moja ya Kitengela, mlango kwa mlango, kwa miaka kumi na mmoja. Mimi ni karani, mtu wa kutoka magharibi, na siku hizo nilikuwa nikienda Nairobi asubuhi na kurudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi. Yeye alikuwa Mkamba wa kanisani, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, mwimbaji wa sauti ya tatu. Ila kilichomfanya ajulikane kutoka Kitengela hadi Namanga si uimbaji. Mtu akifa kifo kisichoeleweka, majirani wakianza kunong'ona habari za majini na kurogwa, Bwana Afya aliitwa. Mara nyingine aliitwa kabla ya mganga, mara nyingi baada ya mganga kushindwa.

Mwenyewe alisema waliomwita mara ya kwanza walikosea. Watu wana mizaha yao kuhusu Wakamba na dawa, na nusu ya waliobisha mlango wake walitumaini kwamba ana kitu cha nyumbani alichokificha kabatini. Hakuwakatisha tamaa mlangoni. Aliwakaribisha, akawapa chai, akaanza kuuliza.

"Waje tu," aliniambia. "Hata kama wamekuja kwa ujinga, wataondoka na akili. Mlango ni ule ule."

Maswali yake hayakubadilika. Marehemu alikula nini? Alilala wapi? Alikunywa maji ya wapi? Hakuuliza nani anamchukia, na wateja wake walisikitika sana, maana hilo ndilo jibu walilokuwa wamekuja nalo. Halafu akauliza swali la mwisho, ambalo kwake lilikuwa ndilo lenyewe: ni nani aliyepaswa kufa pamoja naye na hakufa? "Aliyekufa amemaliza kusema," alikuwa akiniambia. "Mtafute aliyepona. Huyo ndiye ako na habari."

Safarini alibeba kiondo kikubwa. Ndani yake mlikuwa na tochi, futi ya fundi wa nguo, glavu, kijiko cha chai, Biblia ndogo, na chupa tupu za kahawa ambazo sisi majirani tulikuwa tukimwekea. Chupa hizo zilirudi zimejaa maji ya visima, udongo, unga, na mara moja nyoka mdogo aliyekufa, ambaye alimweka juu ya meza yangu ya chakula wakati akitafuta miwani yake. Mke wangu alihama chumba kwa siku mbili.

Kisa kilichompa jina zaidi hapo Kitengela ni cha soja wawili, walinzi wa usiku. Katika ploti moja iliyokuwa ikijengwa, soja alikutwa amekufa asubuhi moja ya baridi ya Julai katika kibanda chake, bila jeraha. Akaajiriwa wa pili, naye akafa Julai hiyo hiyo. Wa tatu alikataa kuingia. Ikasemekana ploti hiyo ilikuwa ya yatima waliodhulumiwa na kwamba udongo wenyewe unadai. Bwana Afya alienda, akaingia kibandani, akatoka baada ya dakika mbili, akaomba msumeno. Alikata dirisha kwenye mabati kwa mkono wake mwenyewe, dirisha baya, lililopinda kama mdomo wa mtu anayeumwa jino, kisha akamwonyesha mwenye ploti jiko la makaa lililokuwa pembeni ya kitanda, ambalo moshi wake haukuwa na pa kutokea. Soja wa tatu aliishi humo miaka mitano na akanenepa. Lakini Bwana Afya hakuishia hapo. Alimshikilia mwenye ploti kuhusu wale yatima mpaka akakiri kwamba ni kweli kulikuwa na yatima, na kwamba kulikuwa na makaratasi ya kurekebishwa, nayo yakarekebishwa. Nilipomuuliza hilo lilihusu nini na moshi, alisema watu hawazushi jini mahali ambapo hakuna kitu. Jini huwa si jini, lakini mahali huwa ni penyewe.

Usidhani alikuwa mtu wa akili kavu. Bwana Afya, aliyeshika mafuvu kama mtu anavyoshika viazi, alimwogopa kinyonga. Akimwona kwenye ua alirudi ndani na kungoja mpaka mmoja wetu aje amwambie njia ni safi. Hakulala miguu ikielekea mlango. Hakufagia jioni. Nilimkabili siku moja, nikamwambia anawacheka watu kwa imani zao huku yeye mwenyewe amejaa. Hakukasirika. Alisema yeye hajawahi kumcheka mtu kwa kuogopa. Huwacheka wanaojua kwa hakika nani mchawi.

Alicheza dama na akaiba. Niseme wazi, kwa maana ni kweli: aliiba kila mchezo. Alikuwa na namna ya kukohoa huku kiwiko kikisogeza kete. Aliwahimiza watu wa ploti nzima wapime presha, naye mwenyewe vidonge vyake nilivikuta mara mbili vimewekwa chini ya mguu wa meza iliyoyumba. Kanisani alifika saa moja baada ya ibada kuanza, na bado alimkemea mchungaji kwa kuchelewa kumaliza.

Na rafiki yake mkubwa alikuwa mganga. Mzee huyo alikaa Kiserian, nyuma ya soko la mbuzi, na wawili hao walipeana wateja kwa siri kwa miaka. Mganga alimtumia wale wenye homa na kuhara, akiwaambia kwamba mizimu imeagiza waonane na mama fulani wa Kitengela. Yeye alimtumia mganga wale ambao hawakuwa na ugonjwa wowote ila upweke. "Mimi sina muda wa kumsikiliza mtu masaa matatu," alisema. "Yule ako nao, na ako na ngoma."

Huyo mganga ndiye aliyetuonya kabla hatujafika kwenye kituo cha biashara ninachotaka kusimulia habari zake.

Jina la kituo sitalitaja, niliahidi. Kiko chini kule kwenye barabara ya Magadi, ukishapita Kona Baridi na upepo wake na kuanza kuteremka kwenye joto, kabla hujafika Oltepesi. Safu moja ya maduka, kanisa la mabati, birika la kunyweshea ng'ombe, na dispensari yenye nesi mmoja. Nesi huyo alikuwa binamu ya mke wangu, na ndiye aliyenipigia simu siku ya Jumatano, sauti imemkauka. Katika wiki saba watu wanne walikuwa wamekufa. Macho yaligeuka manjano, tumbo likavimba, mtu akatapika mpaka akaisha. Wagonjwa hawakuletwa kwake mpaka wamekaribia kukata roho, na kila nyumba aliyoingia kuuliza walichokula alipata jibu moja, kwa maneno yale yale, kama watu waliokariri shairi: ni Mungu tu. Aliomba maiti zipimwe, wakazika haraka. Na sasa kulikuwa na bibi mmoja, mjane, ambaye wote walimwita Koko, yaani nyanya. Koko alidaiwa kuwa ndiye anayeroga, na alikuwa amepewa mpaka Jumapili ahame. Asipohama, nyumba yake ingechomwa, na nesi hakuwa na uhakika kwamba wangemngoja atoke kwanza.

Nilichukua likizo ya siku mbili. Alhamisi asubuhi nilimpakia Bwana Afya na kiondo chake kwenye gari langu kuukuu, tukapitia Isinya hadi Kiserian, na hapo akataka tumchukue mganga. Mzee alikataa kuingia garini. Alisema watu wa kituo hicho walikuwa wameshamwita mwezi uliopita, wakamlipa vizuri, na alipowauliza marehemu walikuwa na nini nyumbani wote wakaangalia chini.

"Hao watu wako na siri," alituambia. "Na siri ikiwa ya kila mtu, ramli haioni kitu."

Tulifika mchana. Salamu zilikuwa nzuri: "Sopa," "Ipa," mikono, viti, chai ya maziwa mengi. Hakuna aliyekuwa na neno la zaidi. Bwana Afya hakuuliza habari za vifo hata kidogo. Alisema ametumwa mayai na dada yake wa kanisani, na kwamba mayai ya sehemu hii yanasifiwa. Aliingia duka la kwanza, hamna. La pili, hamna. Alipita maduka yote na maboma mawili nyuma yake, mimi nikimfuata kama mbeba mizigo, na kituo kizima hakikuwa na yai moja. Mwishoni aliketi katika hoteli na kumuuliza mama aliyekuwa akikanda chapati kuku wamekwenda wapi.

"Walikufa," mama akasema.

"Wako?"

"Wa wote. Mwezi mmoja tu." Kisha akatazama mlangoni, na hakusema kitu kingine ila bei ya chapati.

Nyumba ya Koko ilikuwa ya mwisho, mbali kidogo na nyingine. Uani palikuwa na kuku watano, wanene, wakichakura. Bwana Afya alisimama langoni akawatazama, na uso wake ukachanua kama mtu aliyekutana na ndugu stendi. "Hawa ndio mashahidi wangu," aliniambia.

Koko alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ndewe za masikio zilizonyooka hadi karibu na mabega. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini Bwana Afya hakuwa amezunguka Kajiado kwa pikipiki bure; Kimaasai alikisema vibaya na kwa haraka, bila aibu. Ndani kulikuwa na sanduku moja lililofungwa kamba tayari. Bwana Afya hakumuuliza kuhusu uchawi wala kuhusu Jumapili. Aliuliza kuku wanakula nini. Koko akasema mabaki ya ugali wake, na unga wake hununuliwa Kiserian na mwanawe anayefanya kazi ya machimbo huko. Bwana Afya akauliza kwa nini hali mahindi ya hapa kama wenzake.

Kuku mmoja aliingia, akazunguka miguu yetu, akatoka. Halafu Koko akaanza kusema polepole, na Bwana Afya akanitafsiria kipande kwa kipande.

Wakati wa mvua kubwa, lori la mahindi lilikuwa limepinduka kwenye mteremko wa hapo juu. Kituo kizima kilikimbia, na kilichowakimbiza mwanzo, Koko alisisitiza hilo, ilikuwa kusaidia. Lakini magunia yalikuwa yamepasuka na kutapakaa barabarani kwenye mvua, na watu walikuwa wametoka kwenye ukame mrefu. Mmoja akainama, wa pili akainama. Dereva alikuwa amerushwa nje, amelala kando ya mtaro, akiwa hai bado. Koko alimkuta hapo. Alimfunika kwa shuka lake, akaketi kwenye matope akampakata kichwa, na watu wakampita wakiwa na magunia mabegani, wakienda na kurudi, mpaka dereva akafa.

Polisi walipokuja, kituo kilisema magari yaliyokuwa yakipita ndiyo yaliyobeba mahindi. Wazee walikaa wakakubaliana kwamba hakuna atakayetamka neno mahindi, kwa mgeni wala kwa nesi. Magunia yalifichwa yakiwa bado mabichi: chini ya vitanda, ndani ya mapipa, mengine yamefungwa kwenye karatasi za nailoni na kufukiwa. Wiki chache baadaye kuku wakaanza kufa, kisha watu. Ndipo ikasemwa kwamba dereva amerudi kuchukua mzigo wake, nyumba kwa nyumba. Na nyumba pekee asiyoingia ni ya Koko. Kwa nini? Kwa sababu Koko ndiye aliyekaa naye akifa, basi Koko ndiye anayemtuma.

Nakumbuka nilitoka nje nikasimama. Mtu mmoja tu katika kituo kile hakuwa ameiba, na ndiye waliyetaka kumchoma, kwa sababu kutoiba kwake ndiko kulikomweka hai.

"Basi si jini," nilimwambia Bwana Afya tulipokuwa tukirudi kwa nesi. "Ni mahindi. Yameoza. Twende tuwaambie."

"Nikiwaambia ni mahindi," alisema, "wataniuliza mahindi gani."

Hapo nikaelewa kazi ilivyokuwa. Hawangeweza kutupa kitu ambacho waliapa hawana. Yeyote ambaye angetoa gunia mlangoni angekuwa amekiri mbele ya wenzake na mbele ya serikali. Na Jumapili ilikuwa siku tatu tu mbele.

Ijumaa asubuhi alienda kwa mwenyekiti wa kituo, nami nikaenda naye. Mwenyekiti alikuwa mzee wa makamo, mwenye duka na kofia ya kiserikali, na mkewe alikuwa mmoja wa wale wanne. Ndiye pia aliyempa Koko siku za kuhama. Alitupokea kwa adabu ya mtu aliyechoka. Bwana Afya alimpa pole, akakaa mpaka chai ikaletwa.

"Mimi sikuja kuuliza nani alichukua nini," alisema mwishowe. "Nimekuja kwa niaba ya dereva. Anataka mzigo wake."

Mwenyekiti hakumtazama. Aliizungusha kofia yake mikononi, mara moja, mara mbili.

"Wote?" aliuliza.

"Wote. Hata ule umesagwa."

Walipanga hivi. Kando ya barabara, mahali walipokuwa zamani wakichimba murram, changarawe ya barabara, palikuwa na shimo kubwa. Jumamosi tangu asubuhi, mzigo ungerudishwa hapo. Hakuna ambaye angeandikwa. Hakuna ambaye angeonekana, kwa sababu Bwana Afya na mimi tungekuwa tumeketi hapo tukiligeuzia shimo mgongo, na kila nyumba ingekuja peke yake, nyingine zikiwa zimefunga milango.

Ndivyo nilivyotumia Jumamosi hiyo, saa saba nzima, kwenye kiti cha plastiki, nikitazama vilima huku nyuma yangu kituo kikitubu. Bwana Afya alikuwa amevaa kofia ya majani, akisoma Biblia yake kwa sauti ndogo. Tulisikia nyayo, pumzi nzito, kisha kishindo. Nyayo zikaondoka. Baada ya muda nyingine. Punda alikuja, na punda hana siri, alilia njia yote. Kuna aliyeleta sufuria yenye ugali bado wa moto, tukasikia ukigonga chini. Kuna mtu aliyesema "samahani" kwa sauti ndogo, si kwetu, na akakaa hapo kwa muda kabla hajaondoka. Kikohozi kimoja nilikitambua wazi, nilikuwa nimekisikia jana yake kikiongoza sala, na shingo yangu ikaanza kugeuka yenyewe. Bwana Afya alinifinya paja bila kuinua macho kwenye kitabu. Alama ilikaa wiki.

Jumapili baada ya ibada walikusanyika wote penye shimo, na Koko naye akaletwa. Mimi nilitaraji Bwana Afya awaache na imani yao, kwa kuwa ilikuwa imefanya kazi. Hakuwaacha. Alisimama na chupa ya kahawa iliyojaa punje za kijani na nyeusi, akaipitisha mkono kwa mkono. Akawaeleza kuhusu kuvu, na sumu yake inayoharibu ini, na kwamba haiishi kwa kupikwa wala kuoshwa wala kuombewa. Alisema kila mwenye macho ya manjano aende hospitali leo hii, na nesi ana gari linalongoja.

"Mahindi hayakulaaniwa," aliwaambia. "Yalifichwa yakiwa na maji. Mahindi yakifichwa hayapumui. Mngeyaanika juani mbele ya watu, pengine leo hatungekuwa hapa."

Kisha mwanamume mmoja nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya miezi miwili, kama dereva basi hana hasira nao.

"Hilo sijui," Bwana Afya akasema. "Muulizeni Koko. Yeye ndiye alikaa naye."

Wote wakageuka. Mwenyekiti ndiye aliyetangulia. Alivua kofia yake, akapita katikati ya watu hadi mbele ya Koko, na akainamisha kichwa, jinsi watoto wa Kimaasai wanavyoinamisha wakisubiri mkubwa awaguse kuwasalimu. Mzee mzima, mwenye wajukuu. Koko alimwacha ameinama hivyo kwa muda ambao kila mtu aliuhisi. Halafu akaweka mkono wake juu ya kichwa hicho.

Wagonjwa tisa walipelekwa hospitali, na mmoja hakurudi. Wanane walirudi. Shimo lilichomwa, likamwagiwa chokaa, likafukiwa. Koko alifungua sanduku lake. Kwa Krismasi tulipata jogoo, amefungwa miguu, ametumwa kwa gari la maziwa, na Bwana Afya akampa jina la Shahidi na kukataa achinjwe. Jogoo huyo alitusumbua ploti nzima kwa kuwika miaka mitatu.

Njiani siku hiyo ya Jumapili nililalamika kidogo. Nilimwambia alikuwa amewatisha wafiwa kwa jina la maiti. Alifikiri mpaka tukapanda hadi Kona Baridi, ambapo upepo ulilitikisa gari. Kisha akasema kwamba katika kituo kizima, kati ya polisi, wazee, mganga, nesi na yeye mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuuliza dereva anaitwa nani.

Baadaye maisha yalitutenganisha. Mimi nilijenga upande mwingine, yeye magoti yakamshinda ngazi za ploti, akahamia Kajiado mjini kwenye nyumba ya chini yenye kibaraza. Tulipigiana simu. Alisema amestaafu kabisa sasa, kisha kwa nusu saa akanieleza juu ya kisima fulani. Mwaka jana alinipigia akaniambia nije na gari, nimpitie Koko kwanza, nisiulize.

Alikuwa amempata mama wa dereva. Ilimchukua miaka ya kuuliza madereva wa malori, mmoja baada ya mwingine, na mama huyo hakuwa mbali. Alikuwa akiishi kwa mwanawe mdogo katika nyumba ya kupanga Kitengela, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ploti yetu ya zamani. Alikuwa mtu wa kwetu magharibi, nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, akafurahi. Alijua lori lilipinduka. Alijua mahali alipomzika. Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Tuliketi wanne kwenye sebule ndogo. Bwana Afya alieleza sisi ni nani, na kwamba huyu mama mrefu ndiye aliyekuwa na mwanawe siku ile. Mama wa dereva alimgeukia Koko.

"Hakuwa peke yake?" aliuliza.

Bwana Afya alitafsiri. Koko alijibu kirefu, na kwa mikono pia: hivi ndivyo nilivyomshika kichwa, hivi ndivyo nilivyomfunika. Mama alikuwa akifuata mikono hiyo, na hakuhitaji tafsiri.

"Na alisema kitu?"

Bwana Afya akauliza kwa Kimaasai. Koko alitikisa kichwa, akatamka neno moja.

Bwana Afya alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"Anasema alikuwa ameishiwa nguvu ya kuongea," alisema. "Lakini alikuita. Mara mbili."

Mama wa dereva alifunika mdomo kwa mkono. Mabega yakamtikisika, na nilipodhani analia nikaona pia anacheka.

"Mara mbili," akasema. "Huyo ndiye yeye. Tangu akiwa mtoto, hakuwahi kuniita mara moja."

Alisimama akaenda jikoni, na hakukubali tuondoke mpaka tumekula, na alikuwa amepika kuku wawili. Bwana Afya alikula hadi nikaogopa kwa ajili ya presha yake. Koko na yule mama waliagana langoni wakiwa wameshikana mikono, kila mmoja akisema lugha yake.

Garini nilingoja mpaka tukaingia barabara kuu.

"Mama," nikasema, "Koko alitamka neno moja tu."

Bwana Afya alikuwa akitazama nje, kwenye maduka na vumbi na watu wanaotoka kazini.

"Lilikuwa neno refu," akasema.

Nyuma yangu Koko, ambaye kwa miaka yote hiyo niliamini hasikii Kiswahili cha zaidi ya salamu, alinigusa bega.

"Endesha, kijana," akasema.